Kinanda cha Shemeji

Katika muziki wa metali nyeusi, kinanda ni kama mkwe: wapo wanaompenda, wapo wanaomvumilia, lakini hakuna asiye na la kusema juu yake akishatoka nje. Waya, mpiga gitaa, alikuwa wa kundi la kuvumilia, tena shingo upande. Jina la Waya alipewa kwa sababu ya wembamba wake, na kwa sababu akiguswa mahali pabaya alitoa cheche. Mguse kwenye habari ya vinanda uone.

"Gitaa ndiyo nyama," alikuwa akisema. "Kinanda ni chumvi. Nani aliwahi kushiba chumvi?"

Na mori ukimpanda zaidi aliongeza kwamba bendi ikijaza vinanda, ujue kuna kidonda inakifunika.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukutana na muziki huu, na wala simlaumu, picha yake ni hii. Magitaa mawili yanapigwa kwa mtetemo, mkono wa kulia ukienda juu na chini kwenye nyuzi bila kupumzika, mpaka noti moja inageuka kuwa mvua juu ya bati. Ngoma zinakimbia chini yake kana kwamba zimeiba kitu. Mwimbaji haimbi, anakwaruza. Katikati ya rabsha yote hiyo, ukivumilia kidogo, sikio linaanza kukamata melodi inayopanda taratibu, yenye huzuni, pana, na ukishaikamata hutaki ikuache. Ugomvi wa watu hawa ni mmoja tu: melodi hiyo ibebwe na nani, gitaa au kinanda?

Bendi ya Waya ilikuwa ya watu wanne, na mazoezi yao waliyafanyia kwenye ghala la viti la baba yake. Mzee alikodisha viti na mahema kwa shughuli za watu, na Waya ndiye aliyekuwa akivipakia na kuvipakua. Viti vya plastiki vilipandana hadi karibu na dari, vile vya chuma vya kukunja viliegemezwa ukutani, na kwenye uwazi uliobaki katikati ndipo walipobana ngoma na spika. Mwimbaji, ambaye pia alipiga gitaa la pili, alikuwa kinyozi, na hakuna aliyejisumbua kumtafutia jina jingine. Mpiga ngoma aliitwa Bubu, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Wa nne alikuwa mke wa kaka yake Waya. Huyo bendi nzima ilimwita Shemeji, kana kwamba kaka yake Waya alikuwa kaka wa wote.

Shemeji alikuwa fundi wa meno ya bandia. Aliingia kwenye bendi siku Waya alipohitaji mtu wa kumshikia mlio mmoja mrefu nyuma ya utangulizi. Akaushika, na hakutoka tena. Alipenda kukaa kushoto kwa Waya, karibu na viti vya chuma, palipokuwa na joto na vumbi, na kila alipoambiwa asogee mlangoni kwenye hewa alisema pale panamtosha. Waya alimtania kwamba anajificha ili asionekane amesinzia.

"Shemeji, wewe hapo nyuma unapiga au unapika?"

"Napika, shemeji. Wewe ukimaliza kukimbia, njoo ule."

Utani wao ulikuwa wa namna hiyo, nao haukuwa na sumu. Lakini chini ya utani Waya alimaanisha alichosema, na Shemeji alijua.

Sasa kuna jambo la kidole. Mwaka uliotangulia, wakishusha viti kutoka kwenye lori, kiti kimoja cha kukunja kilijifunga kikamnasa Waya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, mkono ule unaobana nyuzi. Mfupa uliunga, lakini kidole hakikukunjika tena. Kilibaki kimesimama pembeni ya vingine kama mgeni ambaye hakukaribishwa kukaa. Waya aliuguza kidonda, akalia kidogo mahali ambapo hapana mtu, kisha akapiga moyo konde na kuanza upya na vidole vitatu, maana dole gumba halibani nyuzi. Kila siku baada ya kazi alikuwa ghalani peke yake, bila kuwasha amplifaya, akifundisha kidole cha tatu kurukia kazi ya cha nne. Siku aliyorudi kupiga na wenzake, wimbo ulitoka mzima. Hakuna tofauti iliyosikika. Tangu hapo ikawa fahari yake kubwa kuliko zote, na hakuwa mtu wa kuificha fahari. Kwa kweli alivimba kichwa.

Wimbo wao bora uliitwa "Mlima Unaotusubiri". Melodi yake ilipanda ngazi kwa ngazi, Waya akiitetemesha kwenye nyuzi, na kila ilipofika kileleni ilisimama kwenye noti moja ya juu, ikalia, ikaanza kushuka. Pale juu ndipo roho ya wimbo ilipokaa. Waliurekodi palepale ghalani, wote wanne kwa pamoja, kila chombo kikiingia kwenye kompyuta ya Kinyozi kwa njia yake, ili baadaye waweze kupandisha hiki na kushusha kile. Waya akautuma kwa mtu mmoja wa ng'ambo ambaye watu wa muziki huu walimwita Mzee wa Kanda. Mzee huyo alikuwa akitoa kanda moja kila mwaka, kanda kweli za kuzungushwa, na bendi iliyoingia humo ilisikika na kila sikio lililokuwa na maana. Waya alikuwa akiota kanda hiyo tangu ndevu zake za kwanza.

Jibu lilikuja akiwa juu ya lori, ameshika nguzo ya hema.

"Nimeupenda," Mzee wa Kanda aliandika. "Magitaa yanalia nipendavyo, hasa pale juu. Lakini kanda yangu ya mwaka huu ni ya magitaa matupu. Ondoeni kinanda, nileteeni kabla ya mwisho wa wiki, nafasi ni yenu."

Waya aliachia nguzo ya hema, ikamkosa dereva kidogo tu. Hasa pale juu! Alisoma tena na tena. Kwa miaka alikuwa akibishana na dunia nzima kuhusu vinanda, na leo dunia imemwandikia kukiri kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Furaha ilimjaa hadi akamkumbatia dereva, ambaye alikuwa bado anatukana.

Ila palikuwa na Shemeji. Kumtoa mtu kwenye wimbo ni kama kumtoa kwenye picha ya familia. Waya alikuwa mkali wa mdomo lakini hakuwa mtu mbaya, na mambo kama hayo hayasemwi kwa simu. Akaenda kazini kwake.

Chumba cha Shemeji kilikuwa chembamba, chenye dirisha moja na benchi refu lililopauka kwa plasta. Juu ya benchi zilipangwa taya za plasta, kila moja na jina la mwenyewe limeandikwa kwa penseli chini yake. Alikuwa ameinama chini ya taa, akipachika jino kwenye ufizi wa nta kwa kijiko cha moto, na alimnyooshea Waya mkono kumwambia asubiri. Alilitazama lile jino kutoka mbele, akaligeuza, akalitazama kutoka ubavuni, akalisogeza kiasi ambacho Waya hakukiona, akaridhika.

"Karibu, shemeji. Umeng'oka jino?"

"Ningeng'oka ningekuja nalia. Nimekuja nacheka." Akampa simu asome.

Shemeji alisoma polepole. Uso wake haukubadilika, isipokuwa sehemu moja ambapo midomo ilicheza kidogo.

"Amepapenda pale juu," alisema.

"Amepapenda hasa! Umeona mwenyewe."

"Nimeona." Alimrudishia simu, akafuta vidole vyake kwenye aproni. "Basi ondoa. Hiyo ni nafasi yako, usiichezee."

"Hujakasirika?"

"Nikasirike kwa nini? Nina meno ya watu hapa." Alirudi kuinama, kisha akasema bila kumwangalia, "Ila shemeji, usitume kabla hujasikiliza. Kiondoe kinanda, ukae chini, usikilize mwenyewe mpaka mwisho. Nakuomba hilo tu."

Waya aliahidi. Njiani alijiambia kwamba maskini Shemeji anaona wivu, na akamsamehe kwa ukarimu mkubwa.

Jioni ile, jua likiwa bado linaingia kupitia nyufa za mabati, Waya, Kinyozi na Bubu walikaa kwenye viti vitatu vya plastiki mbele ya kompyuta. Bubu alikuwa akisimulia habari ya jirani yake na bomba la maji lililopasuka, habari ambayo ilikuwa imeanza juzi. Kinyozi akakizima kinanda na kuufungua wimbo.

Mwanzo Waya alitabasamu. Wimbo ulikuwa mkavu, wenye makali, kama alivyoutaka siku zote. Ngoma ziliingia. Melodi ikaanza kupanda, ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ilipofika kileleni ikaanguka kwenye shimo. Noti ya juu haikuwepo. Palikuwa na mkwaruzo, kama mtu anayeteleza ukutani kwa kucha, halafu melodi ikajizoazoa na kuanza kushuka kutoka mahali ambapo haikuwahi kufika.

"Maiki imeruka," alisema Waya. "Rudisha."

Kinyozi akarudisha. Shimo lilikuwepo. Wakaenda mbele, mara ya pili melodi inapopanda, nalo lipo. Mara ya tatu, lipo, tena pana zaidi.

"Hiyo ni kebo. Nilisema kebo ile ni mbovu."

Waya akainuka, akachukua gitaa, akawasha amplifaya na kupiga mwenyewe pale pale mbele yao, bila ngoma, bila kitu. Alipanda ngazi zake. Kidole cha tatu kikaruka kwenda juu, kikafika kimechelewa, kikaugusa uzi bila kuubana, na uzi ukatoa ule mkwaruzo. Akapiga tena. Akapiga tena mpaka jasho likamwingia machoni.

Ndipo akatambua kwamba Bubu amenyamaza. Bubu, mtu anayezungumza hata akiwa na mswaki mdomoni, alikuwa ameinamisha kichwa anatazama viatu vyake.

"Bubu."

"Naam."

"Ulijua?"

"Mimi nakaa nyuma yako, kaka. Naona mikono yote." Alijikuna shingo. "Nilijua toka siku ile uliyorudi. Nilidhani nasikia mimi peke yangu."

"Hata mimi nilidhani ni mimi peke yangu," alisema Kinyozi kwa sauti ndogo.

Waya alikaa chini. Mwaka mzima watu wamemwangalia akijisifu, na wameufunga mdomo, hata Bubu. Nyani haoni kundule, lakini nyani walau hapandi jukwaani kulionyesha.

"Washa kinanda peke yake," alisema. "Zima vingine vyote."

Hakuwahi kukisikiliza kinanda peke yake. Nani akae asikilize chumvi? Kinyozi akabonyeza, na ghala likajaa ile milio mirefu aliyoijua, mipana na ya baridi, iliyokuwa ikisimama nyuma yake kila siku kama ukuta. Milio ile ilipanda pamoja naye. Halafu pale juu, kutoka katikati yake, ikatoka noti moja ya aina nyingine kabisa. Haikuwa imeshikiliwa kama milio mingine. Ilitetemeshwa, kidole kikigonga kitufe kimoja haraka haraka, na sauti yenyewe ilikuwa imechongwa ifanane na gitaa lake, na ule ukali wake, na ule ukwaruzo wake mdogo wa mwisho. Ilikaa pale kiasi cha kuziba pengo, ikaondoka.

"Rudisha," alisema Waya. "Sasa weka na gitaa langu."

Walisikiliza hivyo, gitaa na kinanda tu. Mahali alipokimbia, na alikuwa na tabia ya kukimbia akisisimka, Shemeji alikimbia naye. Mahali alipochelewa alimsubiri. Mtetemo wa kidole chake ulikuwa mtetemo wa mkono wa Waya, pigo kwa pigo, hata yale mapigo ya kujikwaa. Mwishoni mwa wimbo, ambapo mkono wa Waya ulikuwa umechoka, hakuziba noti moja tu, aliziba mbili, na aliiziba ile ya pili kabla Waya hajaikosa. Alikuwa ameona kwenye mkono wake kwamba itakosekana. Ndiyo maana mtu huyu alikaa kushoto, kwenye joto na vumbi: pale ndipo shingo ya gitaa inapoonekana vizuri.

Waya amewasikia wapigaji wengi. Amesafiri kwenda kuwasikiliza, amelala kwenye vibaraza kwa ajili yao. Hakuwahi kusikia mtu akisikiliza kwa vidole namna hii. Nafsi yake ilimuuma, na wakati huo huo alitamani wimbo usiishe, na hakujua la kufanya na mambo mawili hayo ndani ya kifua kimoja chembamba.

Shemeji aliingia wakati huo huo, akitoka kazini, plasta bado kwenye nyusi. Alikuta wimbo unalia kinanda na gitaa peke yake, akasimama mlangoni.

"Umesikiliza," alisema.

"Kwa nini hukuniambia?"

Alivuta kiti kutoka kwenye rundo, akaketi. "Ningekuambia nini? Siku ile ulirudi hapa na kidole bado kina alama ya bandeji. Ukapanda, ukaikosa ile noti ya juu, ukafumba macho na kutabasamu, ukidhani umeipata. Tulipoanza tena nikaiweka."

"Mngeniambia tu ukweli! Mmenivika kilemba cha ukoka mwaka mzima."

"Kilemba cha ukoka ni sifa za uongo, shemeji. Mimi nilikusifu lini?"

Bubu alicheka, akaona si wakati wake, akaacha.

"Ningejua ningeacha kupiga," alisema Waya.

"Ndiyo hivyo."

Shemeji alisugua plasta iliyokauka kwenye kiganja chake. "Mtu akija kwangu hana jino la mbele, simfundishi kucheka huku amefunika mdomo. Namtengenezea. Likikaa sawasawa, hata mwenyewe anasahau kwamba si lake. Nilifurahi uliposahau. Kwangu hiyo ndiyo kazi nzuri."

Kinyozi, ambaye ni mtu wa vitendo, alikohoa. "Sasa tusikilizane. Mzee wa Kanda anataka magitaa matupu. Tuzime ile milio mirefu yote, tubakize ile noti ya juu peke yake. Inafanana na gitaa kuliko gitaa lenyewe. Hatajua."

"Hatajua," alikubali Shemeji. "Naweza kuinoa hata zaidi. Nipe kesho."

Wote watatu wakamwangalia Waya. Kanda ilikuwa mkononi mwake. Alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya, kitu ambacho hata Bubu alikiweza mwaka mzima.

Aliomba dakika chache akatoka nje. Baba yake alikuwa uani, ameinama juu ya viti vilivyorudi na matope, na bomba mkononi. Mzee hakuupenda muziki wao na hakuwahi kusema vinginevyo. Kila walipoanza alikuwa akiuliza ni jenereta gani inayochinjwa leo.

"Mmemaliza mapema," alisema mzee.

"Tunasikiliza tulichorekodi, baba."

"Aah. Basi mkifika pale panapopendeza mniite."

Waya alidhani hakusikia vizuri. "Wapi panapopendeza?"

"Pale juu, mke wa kaka yako anapokupigia kile kimoja chembamba." Mzee aliendelea kumwagia maji miguu ya kiti. "Mengine, mwanangu, nisamehe, ni kelele. Lakini kile huwa naacha kazi nakisikiliza."

Hata baba! Waya alisimama pale huku matope yakimrukia kwenye suruali. Mtu asiyejua gitaa lina nyuzi ngapi alikuwa amesikia kilichompita mwenye gitaa. Mzee alikuwa akikisubiri siku zote hizo, na jina la anayekipiga alilijua. Kukificha sasa kungekuwa kumwibia Shemeji kitu ambacho hata mchukia muziki amemkabidhi.

Akachukua simu, akamwandikia Mzee wa Kanda. Hakupamba. "Pale juu ulipopapenda si gitaa. Ni kinanda. Kidole changu hakifiki. Ukitaka wimbo huu, kinanda kipo."

Jibu halikukawia. Mzee wa Kanda alimshukuru kwa ukweli wake, akasema wimbo ni mzuri, lakini kanda ya magitaa ni kanda ya magitaa, na nafasi hiyo ataipa bendi nyingine. Waya alisoma mara moja tu. Ilimuuma. Ilimuuma sana, na aliinama akajifanya anamsaidia baba yake kugeuza viti mpaka macho yalipokauka.

Aliporudi ndani aliwaambia wote, kwa maneno machache. Kinyozi alishika kichwa. Bubu alisema neno ambalo siwezi kuliandika hapa. Shemeji aliinuka kwenye kiti.

"Umefanya nini, shemeji? Kanda yenyewe ile umeililia tangu sijaolewa!"

"Imekwenda. Tunarekodi upya."

"Kwa ajili ya nani?"

"Washeni vitu," alisema Waya. "Tukifika juu, mimi na Kinyozi tunaondoa mikono. Magitaa yote kimya. Wewe unapiga peke yako. Tena usiniigize. Piga kwa sauti ya kinanda, kinanda chenyewe, mtu akisikia ajue."

Shemeji alimtazama kana kwamba amemtukana. "Watakucheka. Wewe? Baada ya yote uliyosema juu ya vinanda?"

"Wacheke. Nina deni la kuchekwa la muda mrefu."

Shemeji alikwenda kwenye kinanda chake, akakifungua, na Waya akaona jambo ambalo hakuwahi kulifikiria: mikono ya Shemeji ilikuwa ikitetemeka. Mikono inayopachika jino chini ya taa bila kuyumba. Mwaka mzima alikuwa amepiga ndani ya kelele za watu wengine, ambako hakuna wa kumsikia akikosea, na sasa kelele zile zilikuwa zinaondolewa.

"Nikiharibu?" aliuliza polepole, ili wengine wasisikie.

"Nitakuwa hapa kushoto," alisema Waya, na kweli alihama, akasimama upande wake na gitaa lake, mahali ambapo angeviona vidole.

Bubu akahesabu kwa vijiti, wakaanza. Walipiga kwa nguvu kuliko walivyowahi, labda kwa sababu hapakuwa tena na kitu cha kupoteza. Waya alipanda ngazi yake ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha akakunjua mkono na kuuondoa kwenye nyuzi. Kinyozi naye akaondoa. Ngoma zikabaki peke yake, zikikimbia kwa chini, na juu yake ikaja noti ya Shemeji.

Mwanzoni ilitikisika. Kisha ikasimama, wazi na pweke na ya kinanda kabisa, bila kujifanya kitu kingine, na Waya akasikia jinsi melodi aliyoitunga yeye ilivyokuwa inataka kufika pale tangu mwanzo. Hakuwahi kuisikia ikifika. Noti zinazofuata zilikuwa zake, hapo ndipo gitaa lilitakiwa kurudi na kuanza kushuka, na mkono wake ulikuwa tayari juu ya nyuzi. Haukushuka. Shemeji alingoja pigo moja, akaona gitaa haliji, akaendelea peke yake, akaishusha melodi yote, ngazi baada ya ngazi hadi chini, huku Bubu akimfuata kwa macho yaliyomtoka pima. Nje, maji ya bomba yalikuwa yamefungwa.

Waya aliingia mwishoni, akiwa amechelewa vibaya, kama mtu aliyesahau alikuwa akielekea wapi. Wakamaliza. Mlio wa mwisho ukafifia katikati ya viti.

"Umekosa pako pa kuingilia, shemeji," alisema Shemeji. Alikuwa anahema. "Hujawahi."

"Turudie?" Kinyozi aliuliza, mkono wake uko kwenye kompyuta. "Ulikuwa wapi wewe?"

"Usiguse," alisema Waya. "Acha hivyo hivyo. Nilikuwa nasikiliza."